Bodi ya Gari Dogo juu ya Chesisi ya Land Rover

Wapo wenzetu wanaochukua bodi ya gari dogo na kuiweka juu ya chesisi ya Land Rover kuukuu, ili wafike shambani hata masika. Kazi hiyo yafanyika, lakini ina masharti yake.

Kwanza pima. Land Rover fupi za zamani zina inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, na ndefu zina inchi 109. Bodi isipolingana, magurudumu yatakwaruza madigadi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Magari madogo mengi hayana chesisi. Nguvu yake imo katika sakafu na kingo za milango. Fundi akikata sakafu ili giaboksi ipate nafasi, bodi inalegea. Basi atie vyuma vya kukaza kabla ya kukata, siyo baadaye. Wala asichomelee bodi moja kwa moja kwenye chesisi! Chesisi hujipinda kidogo ikipita makorongoni, na palipochomelewa hupasuka. Afunge kwa bolti, na katikati aweke mipira minene.

Gari hili litakuwa limeinuka, hivyo ni rahisi kupinduka mteremkoni. Magunia yakae chini sakafuni, siyo juu ya paa. Mipira ya breki isisuguliwe na bodi, na fimbo ya usukani iungwe kwa kiungo chake halisi, si kwa kuchomelea-chomelea. Kisha gari likaguliwe na kadi irekebishwe, kabla hujampakia mtu.