Bonsai ya Magindu inaanza na mbegu ya ukwaju

Tafuta "mbegu za bonsai" kwenye simu yako na utaletewa pakiti nyingi zenye picha za kuvutia: misonobari iliyopinda kama imepigwa na upepo wa miaka, micheri ya Japani iliyofunikwa na maua, hata momiji, ule mti ambao majani yake huwaka wekundu, safari hii ukiwa umepakwa buluu. Momiji wa buluu haupo popote duniani. Na hata zile mbegu za kweli ndani ya pakiti hizo ni mbegu za miti ya kawaida, ambayo ikiachwa ardhini itaota na kukua kama mingine. Bonsai haina mbegu yake. Mti wowote wenye shina la mbao unaweza kufanywa bonsai kwa kukatwa, kufungwa waya, kupunguzwa mizizi na kulishwa kwa miaka mingi ndani ya chombo kidogo.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndipo wanaoanza wengi wanapokatishwa tamaa. Mbegu za micheri, momiji na baadhi ya misonobari ya Japani hulala mpaka zipitiwe na baridi ya muda mrefu. Anayeishi kwenye joto hulazimika kuziweka kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu kwa wiki nyingi, pengine hata miezi mitatu. Zikibahatika kuota, mche wenyewe utadai baridi tena kila mwaka ili upumzike. Pwani ya Tanzania haina baridi hiyo. Mtu anapoteza fedha na msimu mzima, halafu anajiambia kwamba hana mkono wa kupanda.

Magindu ni kata ya Kibaha Vijijini, mkoani Pwani, upande wa kuelekea Kisarawe. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Morogoro mwaka 1907, imekata katika nchi hiyo ya vichaka, mashamba na malisho. Miti inayofaa kwa bonsai imesimama huko tayari: mikwaju, mibuyu, mipingo, mikuyu. Yote imezoea jua kali, ukame wa Januari na Februari, na mvua zinazokuja kwa mikupuo, vuli na masika. Anayeanzia Magindu ana bahati ambayo mpenzi wa bonsai wa Ulaya hana. Yule hulazimika kuuingiza mkwaju ndani ya nyumba na kuuwekea joto ili usife.

Kama ni mti mmoja wa kujifunzia, chagua mkwaju. Majani yake ni vijani vidogo vidogo vilivyopangana pande mbili za kikonyo, na udogo huo ni nusu ya kazi, kwa sababu mti mfupi wenye majani mapana hauwezi kudanganya jicho kwamba ni mkubwa. Gome lake huanza kupasuka na kuzeeka mapema. Ukikatwa, huchipua bila kinyongo.

Mbegu zipo kwenye fungu la ukwaju sokoni. Angalizo ni moja: zile zilizochemshwa kutengeneza juisi zimekufa. Chukua ukwaju mkavu ambao haujapikwa, uloweke kwenye maji baridi, uoshe mpaka mbegu zibaki tupu, za kahawia, zinang'aa. Kwaruza ubavu mmoja wa kila mbegu kwenye sakafu ya saruji au kwa msasa, hadi rangi ya ndani ionekane kidogo, kisha uziloweke usiku kucha. Zilizovimba asubuhi ndizo za kuatika. Zifukie kwenye kopo la udongo, kina cha sentimita moja hivi. Kwa joto la Pwani, wiki moja hadi mbili zinatosha kuona udongo ukiinuliwa.

Inafaa kukaa karibu na kopo siku hizo. Mche wa mkwaju hutoka umeinama, umebeba mbegu yake kichwani. Ganda hudondoka, na mbegu hufunguka pande mbili nene za kijani, kisha katikati yake hujitokeza jani la kwanza likiwa limegawanyika tayari kama la mti mzima. Jua likizama, vijani hujikunja viwili viwili na mche mzima huonekana umesinyaa. Anayeanza hushtuka na kukimbilia maji. Usimwagilie. Mkwaju hulala hivyo kila usiku, na asubuhi utaukuta umefunguka.

Mbuyu unahitaji subira zaidi, maana ganda la mbegu yake ni gumu mno. Ukizifukia tu, nyingi zitakaa kimya. Porini tembo na nyani hula tunda, na tumbo la mnyama hulilainisha ganda hilo. Nyumbani utazimiminia maji yaliyotoka kuchemka, uziache humo zipoe hadi kesho yake, au utazichonga ncha kwa kikata kucha bila kugusa kiini. Ubuyu wa rangi unaouzwa barabarani hauna kazi hapa kwa sababu umepikwa na sukari. Nunua ubuyu mweupe au pasua buyu mwenyewe. Mche ukitoka, usidhani umeuziwa mti mwingine: majani ya kwanza ya mbuyu ni mamoja mamoja, na yale yenye umbo la vidole huja baadaye. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani yote. Hapo uache ukae mkavu, kwa kuwa mibuyu mingi ya kwenye vyungu huuawa na maji ya mtu mwenye huruma, mizizi ikaoza huku mti umelala.

Sasa udongo. Vitabu vya bonsai vinataja udongo wa Japani uitwao akadama, ambao kuuagiza mpaka hapa ni gharama isiyo na sababu. Mti wa kwenye chombo kifupi unachotaka ni chembe ngumu zinazopitisha maji na hewa. Ponda vipande vya tofali la kuchoma, ongeza chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia, changarawe ndogo na mboji iliyoiva. Chekecha, na vumbi litakalopita chini ulitupe, maana ndilo linaloziba mizizi. Kwa miche michanga mboji izidi kidogo, lakini isiwe mbichi. Mboji mbichi na maji mengi hualika kinyausi, ugonjwa unaooza shina pale linapogusana na udongo, na kitalu kizima kikalala kwa siku mbili.

Viriba vinafaa kwa kuanzia, makopo yaliyotobolewa chini vilevile. Viweke nje. Bonsai ya mezani pembeni mwa televisheni ni picha ya duka, maana mkwaju unataka jua la kutwa. Pale kijijini tishio kubwa ni mbuzi na kuku, kwa hiyo kichanja kama kile cha kuanikia vyombo ndiyo meza bora ya bonsai niijuayo: kiko juu, kinapitisha maji, na miguu yake ikisimamishwa kwenye makopo yenye oili chafu mchwa hawapandi. Maji ya kuoshea mchele yanafaa kumwagilia. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, utaona ukoko mweupe kwenye kingo za chombo. Basi mvua ikinyesha iache iuoshe udongo sawasawa.

Kuna hatua moja ambayo mtu akiiruka atajuta miaka kumi baadaye, nayo ni mzizi mkuu. Mkwaju na mbuyu huzamisha mzizi mmoja mnene chini kutafuta maji, na mzizi huo hautaingia kamwe kwenye sahani ya kina cha vidole vitatu. Mche ukifika urefu wa kiganja na nusu, chagua siku ya mawingu ndani ya masika, utoe kwenye kiriba, osha mizizi, na kwa wembe safi ukate theluthi ya chini ya mzizi mkuu. Vijizizi vya pembeni usiviguse. Virudishe udongoni vikiwa vimetandazwa pande zote na uweke mche kivulini wiki mbili. Mizizi hiyo ya pembeni ndiyo itakayonenepa na kushika ardhi kama ya mti mzee, na mtazamaji wa bonsai huanza kutazama hapo kabla ya kupandisha macho kwenye matawi.

Halafu unakuja mtihani wa subira. Karibu kila anayeanza hutaka kuuona mche wake kwenye chombo kizuri mwaka huohuo. Ukiuweka humo sasa, utabaki kijiti. Chombo kidogo huzuia mizizi, na mizizi ikizuiwa shina halinenepi. Mche wa mbegu unapaswa kwanza kuishi kama mti. Upande shambani, weka kipande cha kigae chini ya mizizi ili isirudi kuzama, uache ukue urefu unaoutaka, kisha shina likifikia unene wa kidole gumba ulikate kwa chini. Chipukizi moja liachwe lichukue nafasi ya kilele. Likinenepa, kata tena. Kwa kila mkato shina huwa nene chini na jembamba juu, likiwa na mpindo wa asili. Miaka mitano ni kidogo kwa kazi hii, na minane si mingi. Waya, chombo cha kauri na mapambo yote huja baada ya hapo, na hujifunzwa kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Wapo wanaosema kwamba huku ni kuutesa mti. Nimelisikia mara nyingi na silikubali. Mti uliodhoofishwa kwa njaa hufa, haufiki kuwa bonsai. Huu unalishwa, unabadilishiwa udongo kila baada ya miaka miwili au mitatu, unakingwa na wadudu. Washington, Marekani, upo msonobari mweupe ulioanza kulelewa kwenye chombo mwaka 1625. Familia ya Yamaki ya Hiroshima iliurithishana kizazi hadi kizazi, ukanusurika bomu la atomiki la mwaka 1945 nyumbani kwao, na mwaka 1976 ukawa miongoni mwa miti 53 ambayo Japani iliizawadia Marekani ilipotimiza miaka 200. Waliokuwa wakiutunza Washington hawakujua kwamba ulipitia Hiroshima mpaka mwaka 2001, wajukuu wa mwenye mti walipofika kuutazama. Mti uliotunzwa kwa karibu karne nne, na vizazi vya watu waliokuwa wakiumwagilia kila siku, siwezi kuuita mti ulioteswa.

Kishawishi kingine ni kuingia porini na kung'oa mti uliokwisha kuzeeka. Mipingo iliyotafunwa na mbuzi mwaka hadi mwaka huwa mifupi na minene, ikiwa na umbo ambalo mkono wa mtu haulipati kwa urahisi. Iacheni. Miti ya misitu ya hifadhi haichukuliwi bila kibali, na vichaka vya Kibaha na Kisarawe vimekwisha kutoa mkaa wa kutosha kwa majiko ya Dar es Salaam. Mpingo huota kwa mbegu bila usumbufu: vuna maganda yake mepesi yakishakauka, toa mbegu, ziloweke usiku mmoja, panda.

Kwa hiyo atika mbegu nyingi kuliko unazohitaji, ishirini au thelathini, wiki chache kabla ya masika. Baadhi zitaliwa na kinyausi, nyingine na kuku. Kati ya zitakazobaki chagua miche mitatu au minne yenye shina lililopinda chini na mizizi iliyotawanyika, hiyo iwe ya bonsai. Ile mingine iliyonyooka usiitupe na mzizi wake mkuu usiukate. Ipande mpakani mwa shamba, mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine, uizungushie miiba ya kuzuia mbuzi kwa misimu miwili ya kwanza.