Gesi Isiyonuka

Wageni wanaotembelea mtambo wetu wa majitaka hapa Finland huuliza kwanza kuhusu harufu. Mimi kinachonikosesha amani ni nitrasi oksaidi, gesi ile ile ambayo madaktari wa meno huwavutisha wagonjwa kupunguza maumivu. Haina rangi, na mtu aliyesimama kando ya tangi hawezi kuinusa. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake huongeza joto la dunia sawa na kilo 273 za kaboni dioksidi. Tena inaharibu tabaka la ozoni.

Inatoka kwa bakteria wale wale tunaowategemea. Majitaka huja na amonia nyingi itokanayo na mkojo, na ikifika baharini ni sumu kwa samaki. Basi tunapuliza hewa kwenye matangi. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine wakaimalizia kuwa nitrati. Sehemu isiyopulizwa hewa, bakteria wengine huivunja nitrati hadi ibaki nitrojeni ya kawaida, hii tunayoivuta kila siku. Hewa ikiwa haba, nitriti hurundikana na nitrasi oksaidi huanza kutoroka. Nako kwenye sehemu isiyo na hewa, bakteria wakikosa chakula cha kaboni, kazi huishia njiani na gesi hiyo hiyo hubaki.

Mtu mmoja hutoa gramu 12 hivi za nitrojeni kwa siku. Kwa kadirio la 2019 la IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, asilimia 1.6 ya nitrojeni inayoingia mtamboni huishia kuwa gesi hii. Piga hesabu ya mji wa watu 100,000: kwa mwaka ni sawa na tani 3,000 hivi za kaboni dioksidi.

Mashine za kupulizia hewa hula karibu nusu ya umeme wa mitambo mingi kama wetu. Bili ikishuka, wakubwa hupongezana na ripoti husema tumeokoa mazingira. Siikubali ripoti hiyo kama hakuna aliyepima gesi. Hewa iliyopunguzwa ovyo yaweza kuleta madhara makubwa kuliko umeme uliookolewa.

Mtambo wa Viikinmäki, Helsinki, umechimbwa ndani ya mwamba na umekuwa ukifanya kazi tangu 1994. Kwa kuwa matangi yamo pangoni, hewa yake hukusanywa na kutolewa kwa pamoja, na gesi hupimwa mfululizo. Vipimo vya namna hiyo vimeonyesha kwamba kiwango hupanda na kushuka kwa saa na kwa msimu. Anayepima siku moja akaandika wastani wa mwaka anabahatisha.

Kwetu Afrika Mashariki, mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam, na ya Ruai, Nairobi, hayapulizwi hewa. Huko gesi ya methani ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Lakini kwa mji wowote wa kwetu unaochora mtambo wa kupuliza hewa, ombi langu ni hili: kihisi cha nitrasi oksaidi kiingie kwenye michoro pamoja na pampu, na anayezungusha vali ya hewa awe anaiona namba yake.