Je, Wajua? Hisa Inayopita Chekeche Mbili

Je, wajua kwamba mwaka 2000 mauzo ya Amazon yalikua kwa asilimia 68, na mwaka huohuo bei ya hisa yake ikaporomoka kwa karibu asilimia 80? Mauzo yalipanda kutoka dola bilioni 1.64 hadi bilioni 2.76. Hisa iliyoingia mwaka huo ikiwa dola 76 ilifunga Desemba ikiwa dola 15 na senti kadhaa. Aliyetazama mauzo peke yake alikuwa na kila sababu ya kuendelea kuishikilia, na mwaka ukamwishia kwa hasara.

Sasa geuza upande wa pili. GameStop, kampuni ya Marekani inayouza michezo ya video, ilianza Januari 2021 hisa yake ikiwa chini ya dola 20. Tarehe 28 ya mwezi huo bei iligusa dola 483. Siku mbili baadaye mwaka wake wa fedha ukafungwa, na hesabu zikaonyesha mauzo yamepungua kwa asilimia 21 hadi dola bilioni 5.09. Bei ilikuwa inapaa huku dukani wateja wanapungua.

Safu ya leo inatoka katikati ya visa hivyo viwili. Kuna njia nyepesi ya kuchuja hisa inayodai mambo mawili kwa pamoja: mauzo ya kampuni yawe yanakua, na bei ya hisa iwe inapanda. Chekeche mbili. Inayokwama kwenye moja haikufiki mkononi.

Je, wajua kwamba kazi hii yote inawezekana kwenye daftari la shule? Tuandike pamoja. Kampuni ya mfano iliuza bidhaa za shilingi milioni 800 mwaka juzi na za bilioni 1 mwaka jana. Tofauti ni milioni 200. Gawa kwa milioni 800, unapata ukuaji wa asilimia 25. Hisa yake ilikuwa shilingi 120 miezi 12 iliyopita, leo ni 150: asilimia 25 tena. Fanya hivyo kwa kila kampuni iliyopo sokoni. Kisha zipange kwa mauzo, iliyokua zaidi ikipewa namba 1, halafu zipange upya kwa mwendo wa bei. Jumlisha namba mbili za kila kampuni. Iliyoshika nafasi ya 3 kwa mauzo na ya 5 kwa bei ina 8. Iliyoongoza kwa mauzo lakini ikawa ya 30 kwa bei ina 31. Zenye jumla ndogo ndizo unazoanza kuzichunguza. Nasema kuzichunguza, maana bado hujasoma madeni ya kampuni, hujajua nani anaiongoza, wala hujauliza kama mauzo hayo yanaleta faida.

Nairobi ina kampuni sitini na kitu kwenye soko lake, Dar es Salaam haifiki arobaini. Ni kazi ya jioni moja.

Je, wajua kwamba upande wa bei una ushahidi mwingi kuliko upande wa mauzo? Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wao juu ya hisa za Marekani kuanzia 1965 hadi 1989. Walichukua zilizopanda zaidi katika miezi 6 iliyopita, wakaweka dau dhidi ya zilizoshuka zaidi, wakashikilia miezi 6 mingine. Pengo kati ya makundi hayo mawili lilikuwa wastani wa karibu asilimia 12 kwa mwaka. Tangu hapo jambo hilo limepimwa Ulaya, Asia, kwenye sarafu na kwenye bidhaa za shambani. Kuna waliorudi nyuma katika rekodi za Marekani hadi mwaka 1801, wakalikuta huko pia.

Kwa nini hisa iliyopanda iendelee kupanda? Jibu ninaloliamini zaidi ni la tabia za watu. Habari njema haiwafikii wote siku moja, na hata ikiwafikia, wengi huipokea nusunusu. Halafu kuna kosa ambalo Hersh Shefrin na Meir Statman walilieleza mwaka 1985: mtu akipata faida kidogo huuza upesi ili aione mkononi, lakini akiwa na hasara hushikilia akingoja bei irudi pale aliponunulia. Wauzaji hao wa mapema huizuia hisa nzuri isifike haraka kwenye bei inayostahili, kwa hiyo inafika polepole. Mwendo huo wa polepole ndio unaoupima.

Lakini muda una mipaka yake. Werner De Bondt na Richard Thaler walionyesha mwaka 1985 kwamba hisa zilizofanya vibaya kwa miaka 3 hadi 5 mfululizo baadaye huwa zinazipita zile zilizong'ara kipindi hichohicho. Na ukishuka hadi mwezi 1, hisa iliyoruka ghafla mara nyingi hurudi nyuma mwezi unaofuata. Ndiyo maana wapimaji wengi huchukua miezi 12 na kuuacha nje mwezi wa mwisho kabisa. Ukipima mwezi Septemba, linganisha bei ya Septemba ya mwaka jana na ya Agosti mwaka huu.

Je, wajua kwamba ukuaji wa mauzo ukiwa peke yake unaweza kuwa mtego? Hili liliniumiza kichwa nilipolisoma mara ya kwanza, maana linapingana na akili ya kawaida ya mfanyabiashara. Josef Lakonishok, Andrei Shleifer na Robert Vishny, mwaka 1994, walizipanga hisa za Marekani kwa ukuaji wa mauzo wa miaka 5 iliyopita. Zilizokua polepole ndizo zilizowalipa wenye hisa vizuri zaidi baadaye. Si kwamba mauzo ni kitu kibaya. Ni kwamba miaka 5 ya kukua kwa kasi kila mtu keshaiona, keshaisifia, na bei keshaipandisha kana kwamba kasi hiyo haitaisha. Unanunua pilau kwa bei ya karamu wakati wageni wameanza kuondoka.

Ndiyo sababu chekeche ya mauzo inatakiwa iangalie ukuaji wa karibuni, mwaka 1 au robo mwaka iliyotangazwa juzi, na iambatane na bei. Mwaka 2006 Jegadeesh huyohuyo, safari hii na Joshua Livnat, alionyesha kwamba mauzo yanapozidi matarajio pamoja na faida, bei huendelea kusogea upande huo kwa nguvu zaidi kuliko faida inapozidi peke yake. Faida inaweza kupatikana kwa kubana matumizi au kuuza kiwanja cha kampuni. Mauzo yanahitaji mteja.

Chekeche ya tatu, ya hiari, ni bei kwa mauzo. Kenneth Fisher aliitangaza katika kitabu chake Super Stocks cha 1984: chukua thamani ya kampuni nzima sokoni, gawa kwa mauzo ya mwaka, uone unalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi 1 inayoingia kaunta. James O'Shaughnessy, katika What Works on Wall Street cha 1996, aliiunganisha na mwendo wa bei: kampuni ambayo faida inakua, inayouzwa chini ya mara 1.5 ya mauzo yake, na kati ya hizo hisa 50 zilizopanda zaidi katika mwaka. Mimi naipenda sana chekeche hii, kwa sababu inamzuia mtu kulipia sifa.

Je, wajua kwamba Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ingepita chekeche mbili za mwanzo kwa kishindo? Hapa nawaomba tutulie kidogo. Mapato ya Enron yalitoka dola bilioni 40 mwaka 1999 hadi bilioni 100.8 mwaka 2000. Hisa yake karibu ilijirudufu ndani ya mwaka huo, ikafunga kwenye dola 83. Daftari lako la Januari 2001 lingeiweka juu kabisa. Siri mojawapo ilikuwa namna ya kuandika mapato. Enron ilinunua na kuuza gesi na umeme, na ilihesabu thamani nzima ya kila biashara kuwa mapato yake. Ni kama dalali wa nyumba anayeandika bei yote ya nyumba kwenye hesabu zake badala ya udalali aliolipwa. Nyumba ya milioni 90 inaingia kama mapato ya milioni 90, kumbe mfukoni kwake ni milioni chache tu.

Tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba kufilisika.

Ila tazama jambo hili: mwisho wa Juni 2001 hisa ilikuwa imeshashuka hadi dola 49 hivi. Aliyechuja upya baada ya miezi 6 angeikuta imekwama kwenye chekeche ya bei, na angetoka akiwa na hasara ya asilimia 40 mkononi, inayouma, lakini si ya mtaji wote. Mahesabu yalidanganya hadi karibu na mwisho. Bei ilianza kusema mapema. Nguvu ya njia hii ninaiona hapo, kwenye kurudia kuchuja, kuliko siku ile ya kwanza ya kununua. Anayechuja mara moja kisha akalifungia daftari kabatini hajatumia njia hii.

Na bei nayo ina siku zake mbaya. Kuanzia Machi hadi Mei 2009, masoko yalipoinuka baada ya msukosuko wa fedha duniani, hisa za Marekani zilizokuwa hoi zaidi zilipanda kwa asilimia 163, huku zile zilizokuwa zikiongoza zikipata asilimia 8 tu. Kent Daniel na Tobias Moskowitz walioandika juu ya kisa hicho walikuta kingine cha aina hiyo Julai na Agosti 1932. Vyote viwili vilikuja soko lilipogeuka ghafla kutoka shimoni.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba mapato ya Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, yalikua kila mwaka katika miaka ya kwanza baada ya kuingia soko la Nairobi Juni 2008, lakini walionunua kwa shilingi 5 walisubiri miaka kupata fedha yao? Kutoka shilingi bilioni 61 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008 yalifika bilioni 107 Machi 2012. Hata hivyo mwisho wa 2011 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Chekeche ya mauzo ilikuwa ikisema ndiyo kila mwaka. Mwisho wa 2012 bei ikafika karibu shilingi 5, na kwa mara hiyo zote mbili zikakubaliana kwa sauti kubwa. Mwisho wa 2013 ilikuwa imepita shilingi 10. Kampuni moja haithibitishi kanuni, lakini mwenye daftari angejua ni lini ngoja-ngoja ilikwisha.

Masoko yetu yana mambo yake, na ukiyapuuza daftari litakudanganya.

Benki zinabeba sehemu kubwa ya masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, na benki haina mauzo kama ya kiwanda cha saruji. Badala yake tumia mapato halisi ya riba pamoja na ada na kamisheni, na uzipange benki peke yake, zisichanganywe na viwanda.

Hisa nyingine hukaa siku nyingi bila kununuliwa hata moja. Bei yake ikionekana imepanda kwa asilimia 20, huenda ni mtu mmoja aliyenunua hisa mia mbili. Andika pia idadi ya hisa zilizouzwa kwa wiki. Kama huwezi kuuza zako zote ndani ya siku chache, hiyo ivuke tu, hata kama ina jumla ndogo kuliko zote.

Ada. Nairobi kununua na kuuza kila upande hukaribia asilimia 2 ukijumlisha dalali na tozo. Ukibadilisha kapu zima kila mwezi, ada zitakumaliza kabla ya soko. Mara 2 kwa mwaka zinatosha.

Hisa ikigawanywa, bei hushuka bila mtu kupoteza kitu. Benki ya Equity ya Kenya iligawa kila hisa 1 kuwa 10 mwaka 2009. Asiyerekebisha bei za nyuma angedhani kampuni imeanguka kwa asilimia 90. Hisa za bonasi nazo vilevile.

Mfumuko wa bei uondoe. Mauzo yaliyokua kwa asilimia 7 wakati bei za vitu zimepanda kwa asilimia 7 ni bidhaa zilezile kwa lebo mpya.

Je, wajua kwamba wengi wanaopima mbinu hizi kwa miaka iliyopita hujidanganya kwa tarehe tu? Safaricom hufunga mwaka wake wa fedha Machi 31, lakini matokeo husomwa Mei. Ukifanya jaribio lako kana kwamba ulinunua Aprili 1 ukiwa na mauzo ya mwaka ulioisha jana yake, umetumia habari ambayo hakuna mtu mtaani aliyekuwa nayo, na jaribio litakuonyesha utajiri usiokuwepo. Kwa hiyo daftarini kwangu, kabla ya safu ya mauzo na safu ya bei, kuna safu nyembamba ya wino mwekundu: tarehe ambayo taarifa ilitoka gazetini. Hesabu zote zinaanzia siku inayofuata.