Magari: swichi ya zamani inatengenezwa kwa msasa, ya kisasa inadai skaneri

Mvua inanyesha mlimani, esuiglasi zinasimama ghafla. Dereva anabaki pembeni ya barabara, haoni mbele. Gari likifika garaji, ulizo la kwanza la makanika ni hili: ni la mwaka gani?

Jibu ndilo linaamua gharama. Kwenye magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980, umeme wa taa ao wa esuiglasi unapita ndani ya swichi yenyewe. Humo kuna vipande vya shaba vinavyogusana. Vumbi, unyevu na cheche huviweka weusi, umeme ukashindwa kupita. Makanika anatoa waya wa batri, anafungua swichi, anasugua shaba kwa msasa laini, anarudisha. Mara nyingi hakuna kipuri cha kununua.

Magari ya kisasa yana njia ingine. Mwaka 1986, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilionyesha mtandao wa CAN, ambao leo unaunganisha vifaa vya magari mengi. Dereva akigusa komodo ya usukani, komodo inatuma ujumbe tu. Kalkulateri, yaani kompyuta ndogo ya gari, ndiyo inawasha taa. Taa ikikataa, kosa linaweza kuwa kwenye komodo, waya, kalkulateri ao taa yenyewe. Kubadilisha komodo bila kupima ni kubahatisha na pesa za mwenye gari.

Hatari kubwa ni kuunganisha waya moja kwa moja ili taa iwake tu. Waya isiyo na fizible inaweza kupata moto na kuchoma gari. Tena, ndani ya usukani mara nyingi kuna mfuko wa hewa wa ajali: kabla ya kuugusa, batri inatolewa, na makanika anangoja dakika ambazo mtengenezaji ameandika.

Hata viwanda vikubwa vimepata somo. Mwaka 2021, Tesla iliita magari karibu 135.000 huko Marekani, kwa sababu kumbukumbu ya skrini yao ilikuwa inachakaa. Skrini ikizimika, kamera ya nyuma na uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo vilipotea. Huko Ulaya, shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari, limeamua kwamba kuanzia 2026 vipimo vyake vihimize magari kuwa na vibonyezo ao vishikizo vya kweli kwa kazi kama klinyota, honi na esuiglasi.

Mambo hayo yanagusa pia mashariki ya Kongo. Magari mengi hufika hapa yakiwa yametumiwa tayari, kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Skrini za leo ndizo kazi ya garaji za kesho.

Kwa sasa, mwenye gari aombe mambo matatu kabla ya kulipia kipuri: fizible iangaliwe, waya zipimwe, na kwa gari la kisasa, skaneri isome kosa.