Kompyuta Imenyamaza: Sauti Imekwama Wapi?

Fungua kompyuta ya mezani, umulike kwa tochi ya simu kona ya madabodi (ubao mkuu wa ndani) iliyo karibu na matundu ya nyuma. Utaona chipu nyeusi ya mraba, upana wake milimita 7 hivi, yenye miguu 48 iliyojipanga pande zote nne. Nyingi kati ya chipu hizo zimechorwa kaa. Hiyo ni nembo ya Realtek, kampuni iliyoanzishwa Taiwan mwaka 1987, na kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa katikati ya jiji la Arusha zimembeba kaa huyo bila wenye nazo kumjua. Kwaya ya kanisani, mawaidha, hip hop ya mtaa wa Kijenge, mpira wa Jumapili: yote hupita kwake kabla ya kufika sikioni.

Kazi yake ni kugeuza namba kuwa umeme. Ndani ya kompyuta wimbo ni mlolongo wa namba tu. Kwa kipimo cha CD, kila sekunde ina namba 44,100 za upande wa kushoto na nyingine kama hizo za upande wa kulia, na kila namba huchaguliwa kati ya viwango 65,536. Chipu husoma namba hizo na kutoa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa kuzifuata. Mkondo husukuma utando wa spika, utando husukuma hewa, na wewe unasikia. Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, haikuwa na kitu cha aina hii. Ilijua kulia "bip" basi. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster, kadi iliyonunuliwa peke yake na kuchomekwa ndani ya kompyuta. Baadaye Intel ikaweka utaratibu wa pamoja, kwanza AC'97 na kisha HD Audio mwaka 2004, na kazi ya kadi ile nzima ikahamia kwenye chipu ndogo iliyochomelewa moja kwa moja kwenye madabodi.

Kwa kuwa ni ndogo na imejificha, kompyuta ikinyamaza watu hudhani chipu imekufa, au Windows imeoza. Hapo ndipo huja ile kauli ya mafundi ambayo nimeisikia mjini mpaka imenichosha: "Hii ni ya kupiga window." Maana yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Wakati mwingine sauti hurudi kweli na mteja hushukuru, lakini picha za ubatizo wa mtoto na mahesabu ya kikundi cha kuweka na kukopa vimeshapotea. Nasema wazi kwamba hiyo ni tiba ya mwisho kabisa. Kompyuta isiyotoa sauti kwa kawaida haijaharibika. Sauti imeelekezwa kwingine, au imezuiwa mahali pamoja njiani. Wakulima wa miteremko ya Meru wanaielewa mantiki hii kwa mifereji yao. Maji yasipofika shambani, hakuna anayekimbilia kuchimba mfereji mpya. Unaufuata ule ule kutoka shambani kupanda juu, mpaka uone palipoziba au palipofunguliwa kuelekea kwa jirani. Nasi tuanzie kwenye spika, tupande.

Kwanza ni tundu la earphone, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye visa vingi. Pini yake ya milimita 3.5 imezaliwa na pini kubwa ya milimita 6.35, ambayo wafanyakazi wa mitambo ya simu waliitumia tangu karne ya 19 kuunganisha mazungumzo ya watu kwa mkono. Ndani ya tundu mna vipande vyembamba vya chuma vinavyonesanesa. Vingine hupitisha muziki. Kimoja hakipitishi muziki kabisa, kazi yake ni kutoa taarifa tu. Pini ikiingia, kinasukumwa, chipu inajua kwamba earphone imefika, na programu inazima spika za ndani. Pini ikitoka, kinarudi mahali pake na spika zinaamka. Kikikwama kwa uchafu au kikipinda, kompyuta inaendelea kuamini kwamba earphone ipo. Inaimba kama kawaida, ila inaiimbia earphone ambayo imeshawekwa kabatini.

Nimemwona fundi mmoja wa Kijenge akimhudumia mteja aliyeleta laptopu bubu.

"Dada, kabla sijaifungua, uliichomekea earphone karibuni?"

"Ndiyo, fundi. Mtoto alikuwa anaangalia katuni, nikamwekea asitupigie kelele."

"Basi kaa kidogo."

Akatoa earphone kwenye droo, akaichomeka na kuichomoa mara kadhaa huku akiizungusha, kisha akalipuliza tundu kwa kibomba cha mpira. Katuni ikaanza kupiga kelele pale pale mezani. Hakugusa bisibisi wala Windows.

Mazingira yetu yanachangia. Udongo wa Arusha umetokana na majivu ya volkano, na miezi ya ukavu kabla ya mvua za vuli vumbi lake ni laini mno, linaingia popote penye uwazi. Masika yakifika, unyevu nao unaacha utando juu ya vyuma. Ukitaka kusafisha tundu mwenyewe, zima kompyuta, chomoa chaja, tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo sana. Sindano na vibanio vya nywele viache, maana ndivyo hupinda kile kipande cha taarifa.

Tundu hilo lina kituko kingine ambacho wengi wamekisikia bila kujua sababu. Wimbo unapiga, vyombo vinasikika, lakini mwimbaji amezama, kama vile studio ilimsahau. Hapo pini haijazama sawasawa, au waya wa pamoja unaorudisha umeme umekatika. Spika zinabaki zikicheza tofauti iliyopo kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Mtayarishaji wa muziki humweka mwimbaji katikati, yaani sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri na sauti yake inatoweka. Vinabaki vyombo vilivyowekwa pembeni, na mwangwi. Sukuma pini mpaka ikite. Kama haijasaidia, badilisha waya wa AUX kabla hujalaumu kompyuta wala sabufa.

Tukipanda zaidi tunafika njia panda. Kompyuta ya leo haina mlango mmoja wa sauti. Ina spika zake, ina earphone, ina bluetooth, na ina ule waya wa HDMI unaokwenda kwenye televisheni, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Ukiuchomeka, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye televisheni bila kukuuliza. Zipo hata skrini ambazo hazina spika ndani yake lakini zinajitambulisha kwa kompyuta kama mahali pa kupeleka sauti, na huko sauti inaishia. Bonyeza alama ya spika iliyo chini kulia, ufungue orodha ya vifaa, uchague unachotaka kisikike. Ukiona mstari wa kijani unacheza kwenye dirisha la mipangilio lakini husikii kitu, jua kwamba namba zinatembea vizuri na shida iko mbele ya hapo: waya, tundu au spika. Mstari ukiwa umelala, panda tena.

Huko juu kuna programu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kipimo chake cha sauti, hivyo kivinjari kinaweza kuwa kimezimwa huku programu nyingine zote zikilia. Orodha ya vipimo hivyo iko kwenye kichanganyio cha sauti. Halafu kuna draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na chipu. Sasisho la Windows likiivuruga, ifute kwenye kidhibiti cha vifaa (Device Manager) kisha uwashe upya kompyuta, na Windows itaiweka tena yenyewe. Hilo halifuti hata picha moja.

Si kila tatizo ni ukimya. Sauti ikikatikakatika na kuchakacha, kosa huwa ni la kuchelewa. Windows kwa kawaida huiandalia chipu namba za milisekunde 10 kwa mkupuo, ambazo kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni namba 480 kwa kila upande. Prosesa ikishikwa na kazi nyingine, au diski kuu ikiwa imechoka, mkupuo unachelewa, chipu inakosa cha kusoma, na pengo hilo ndilo ule mchakacho. Funga programu usizozihitaji uone kama utapungua.

Mngurumo wa chini usiokoma ni habari nyingine. Umeme wetu unabadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mngurumo huo ni umeme wenyewe umeingia kwenye waya wa sauti. Chomoa chaja, laptopu itumie betri: mngurumo ukitoweka, umempata mhusika. Na ule mlio wa "tititi-tititi" kwenye spika sekunde chache kabla simu haijaita? Simu ya mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa mikupuo 217 hivi kila sekunde, na waya za spika zinayanasa. Isogeze simu mbali, basi.

Kuna pia watu wanaopandisha sauti ya programu ya VLC kupita asilimia 100 ili ijaze sebule. Juu ya hapo namba zinagonga dari, vilele vya mawimbi vinakatwa, na spika ndogo za laptopu zinasukumwa kwa nguvu zinazozizidi. Spika inayokoroma hata sauti ikiwa chini huenda iliumizwa hivyo.

Na ikiwa kaa amekufa kweli? Umeme wa ukutani ukipanda na kushuka ghafla unaweza kumuua. Washa kompyuta kwa Ubuntu, mfumo mbadala wa Windows, iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha: sauti ikitoka, chipu ni nzima na kosa ni la Windows. Isipotoka huko pia, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Ina chipu yake yenyewe, inaiacha ile ya ndani ipumzike, na bei yake haifiki hata karibu na bei ya madabodi mpya.

Ninasisitiza kutokimbilia kufuta kwa sababu kilichomo ndani ya mashine hizi kina thamani. Arusha inajua uzito wa sauti iliyohifadhiwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015, ilisikiliza mashahidi katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), watu wakifuatilia kwa vifaa vya masikioni katika Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Rekodi zake zinatunzwa Lakilaki, hapo hapo Arusha, katika majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016. Nyumbani kwetu rekodi ni za babu akieleza mipaka ya shamba, au ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mzazi ambaye hayupo tena. Mafaili ya ujumbe huo, ya aina ya opus, hugoma kufunguka kwenye baadhi ya programu za zamani za muziki, na mtu akahitimisha kwamba yameharibika. VLC inayafungua bila shida.

Kwa hiyo nakili mafaili yako kwenye flashi leo, kompyuta ikiwa bado inaongea. Na siku ikinyamaza, usikubali ifutwe mpaka fundi akuonyeshe sauti imekatikia wapi. Akishindwa kukuonyesha, funga kompyuta yako umtafute fundi mwingine.