Kipaji na Mazoezi Michezoni (Sehemu ya Pili): Mwili Unavyoitikia Mazoezi

Wengi hujadili mafanikio michezoni kana kwamba kipaji na mazoezi vinagombea nafasi moja, kimoja kikizidi kingine hupungua. Utafiti wa HERITAGE wa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999, unaivuruga hesabu hiyo. Watu 481 wa familia 98, wasio na mazoea ya mazoezi, waliendesha baiskeli za mazoezi kwa wiki 20 chini ya ratiba moja. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili huweza kutumia kwa dakika kiliongezeka kwa wastani wa mililita 400 hivi. Lakini wapo waliopanda kwa zaidi ya lita moja, na wapo waliotoka jasho kwa wiki zile zile wasiambulie karibu chochote. Karibu nusu ya tofauti hiyo ilihusishwa na ukoo. Zito zaidi kwangu ni kwamba hali aliyoanza nayo mtu haikuweza kubashiri angepanda kwa kiasi gani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita kipaji ni namna mwili unavyoitikia mazoezi, nacho hakiwezi kuonekana kwa mtu ambaye bado hajafanya mazoezi.

Wanaoamini juhudi peke yake hutaja saa 10,000 za mazoezi, hesabu iliyotokana na uchunguzi wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin. Hesabu ile ni wastani tu, na vijana wale walikuwa wamekwisha kuchujwa kabla ya kupata nafasi ya chuo cha muziki. Na michezoni, kule Osaka mwaka 2007, Donald Thomas wa Bahamas, aliyeanza kuruka juu mwaka uliotangulia tu, alitwaa ubingwa wa dunia. Stefan Holm wa Sweden, bingwa wa Olimpiki wa 2004 aliyeufanyia kazi mchezo huo tangu utotoni, alishika nafasi ya nne. Hata hivyo Holm naye, mfupi kwa mchezo huo akiwa na mita 1.81, asingefika alikofika bila miaka ile yote.

Upande wa pili kuna wanaosema kwamba mbio za Wakalenjin wa Kenya ni damu tu. Ni kweli kwamba miguu myembamba chini ya goti hupunguza nguvu inayotumika katika kila hatua, na mji wao wa Iten uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini miguu hiyo na milima hiyo vilikuwapo muda mrefu kabla Wilson Kiprugut hajaipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Kilichoongezeka ni mashindano, makocha na shule kama St. Patrick's ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976. Wataalamu wa jeni nao hawajapata jeni moja inayoeleza ushindi huo.

Ndiyo maana nina wasiwasi na uteuzi wetu wa mapema, kuanzia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania. Mtoto wa miaka 12 anayewaacha wenzake mara nyingi amekua mapema tu, na anayeachwa nyuma hurudishwa nyumbani kabla mwili wake haujaulizwa lolote. Mwalimu aandike muda wa kila mtoto mwanzoni mwa muhula na mwishoni, wote wakiwa wamefanya mazoezi yale yale, kisha katika kuteua atazame pia nani amepunguza sekunde nyingi zaidi, hata kama alimaliza wa kumi.