Chuo cha Volda: Yapi ya Kweli, Yapi ya Uzushi

"Serikali ya Oslo ndiyo iliyokianzisha."
Si kweli. Mwaka 1895 walimu wawili, Henrik Kaarstad na Per Riste, walifungua chuo binafsi cha ualimu huko Volda, mji mdogo wa eneo la Sunnmøre, magharibi mwa Norwei, pale mkono wa bahari unapopenya katikati ya milima. Norwei yenyewe ilikuwa bado katika muungano na Uswidi, uliovunjika mwaka 1905. Chuo kiliutangulia uhuru kamili wa nchi kwa miaka kumi.

"Shabaha ilikuwa kupata walimu tu."
Nusu kweli, na nusu iliyobaki, ile ya lugha, ndiyo yenye uzito. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima wa Ørsta, jirani kabisa na Volda, alizunguka nchi katika miaka ya 1840 akikusanya lahaja za wanavijiji. Alitoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850, na kazi hiyo ikawa msingi wa lugha ya maandishi iitwayo Nynorsk. Mwaka 1885 Bunge liliipa lugha hiyo hadhi sawa na ile ya maandishi iliyotokana na Kidenmaki, na mwaka 1892 sheria ikaziachia bodi za shule zichague ya kufundishia. Haya, bodi imeshachagua. Nani ataingia darasani? Mtoto wa mvuvi alihitaji mwalimu asiyemwonea haya kwa maneno ya nyumbani kwao. Pengo hilo ndilo Volda ilijitosa kuliziba, na Nynorsk ingali lugha ya chuo hadi leo. Kwangu mimi, hiyo ni heshima kubwa kuliko jengo lolote.

"Chuo cha pembezoni hakiwezi kuongoza fani."
Si kweli hata kidogo. Chuo cha wilaya kilifunguliwa Volda mwaka 1970, na mwaka uliofuata kikaanza kufundisha uandishi wa habari, mapema kuliko karibu vyuo vyote vya Norwei. Wahitimu wake wametapakaa katika vyumba vya habari nchini kote.

"Vyuo vidogo vyote vimemezwa."
Vingi, ndiyo. Mwaka 1994 vyuo 98 vya mikoa viliunganishwa vikabaki 26. Hapo ndipo chuo cha ualimu na cha wilaya vya Volda vilipokuwa kimoja. Wimbi jingine likaja mwaka 2016, ila Volda ikabaki kujitegemea. Nesna, chuo cha ualimu cha kaskazini kilichoanza 1918, hakikusalimika: kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Nord, na mwaka 2019 bodi ya chuo hicho ikaamua kuifunga Nesna. Wananchi walikataa. Walifanya kampeni bila kuchoka mpaka serikali iliyoingia madarakani mwaka 2021 ikaahidi kurudisha masomo, na yakarudi. Anayedhani wanakijiji hawana sauti mbele ya bodi ya chuo kikuu aisome habari hiyo.

"Kusoma Norwei ni bure kwa kila mtu."
Ilikuwa kweli katika vyuo vya umma, sasa si kweli tena. Tangu muhula wa vuli wa 2023, wanafunzi wapya wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na nchi washirika wake hulipa ada, isipokuwa makundi machache kama wale wanaokwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Anayeomba nafasi kutoka Mwanza au Mombasa aulize kiasi cha ada kabla ya kutuma vyeti.